Nimejenga kwenye viwanja vilivyopimwa, Dodoma. Chumvi naifuata kwa bodaboda

Vumbi Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Nimeishi Makole miaka sita. Nyumba ya wapangaji saba, choo cha kupeana zamu, mwenye nyumba anazima taa ya uani saa nne kamili usiku hata kama bado unafua. Nikajiapiza kwamba nikipata kwangu nitapumua. Nikanunua kiwanja upande wa Nzuguni, mita za mraba 900, kimepimwa, hati ninayo. Mwaka jana mwezi wa nane tukahamia. Jioni ya kwanza mke wangu anataka kupika, chumvi imebaki Makole.

Nikampigia bodaboda. Akanipeleka hadi maduka ya barabara kuu, akanisubiri, akanirudisha: 2,000. Chumvi yenyewe ya mia tano.

Makole nilikuwa nikitoka mlangoni nahesabu hatua arobaini niko kwa Mangi. Genge ng'ambo ya barabara, mashine ya kusaga nyuma ya msikiti, kinyozi, duka la dawa, fundi cherehani, na mama wa vitumbua anayekuamsha kwa harufu. Sikuwahi kuusifu ule mtaa hata siku moja. Nilikuwa nalalamika kelele.

Nikaanza kuandika kwenye daftari. Wiki mbili, bila kuhesabu safari za kazini: gesi, nyanya, unga, dawa ya mafua ya mtoto, kunyoa, kushona zipu ya begi la shule. Safari 19, kati ya hizo 14 kwa bodaboda, jumla 31,000. Pesa inauma, lakini kilichonikaa kichwani ni neno la mke wangu: tumemaliza miezi kadhaa hapa na hajui jina la jirani hata mmoja, kwa sababu hakuna pahali pa kukutana naye.

Kinachonichanganya ni ramani. Ramani ya mtaa wetu nimeiona kwa macho yangu. Ina kiwanja cha shule ya msingi, cha zahanati, cha soko, eneo la wazi, na viwanja kadhaa vimeandikwa "makazi na biashara". Kwenye karatasi tumekamilika kuliko Makole. Ukitoka nje ni miiba, bikoni (yale mawe ya mipaka ya viwanja) na mbuzi wa watu.

Tulikosea wapi? Na wa kuanza kurekebisha ni nani?

#2 Mzee Kijiti

Fungua duka wewe mwenyewe mkuu. Uzi ufungwe.

#3 Mgogo wa Mjini

Karibu tena mtaani, mkuu. Sisi wa Chang'ombe ya hapa Dodoma mlikuwa mkitupita na magari mkisema "makazi holela". Leo ndio mnagundua kwamba kwetu kila kitu ni dakika tano.

Ila nisikudanganye. Hiyo dakika tano ina bei yake. Moto ukiwaka, gari la zimamoto halipiti. Mvua kubwa ikinyesha, choo cha jirani kinakuja kukusalimia. Bibi yangu akiugua usiku tunambeba mgongoni hadi pahali bajaji inapofika. Kwa hiyo usitamani Chang'ombe yote. Tamani genge letu, uache mitaro yetu.

#4 Bikoni

Nimefanya kazi ya kupanga viwanja zaidi ya miaka thelathini. Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Sina wa kumtetea hapa, wala wa kumchongea.

Wazo analolitafuta mleta uzi lilikuwepo Dodoma tangu mwanzo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, na Mpango Kabambe wa kwanza ukatoka 1976, umechorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Niliusoma nikiwa kijana mgeni ofisini. Nilitegemea kuona mabarabara makubwa ya kifahari. Nikakuta gari binafsi limewekwa mwisho kabisa. Jiji lilifikiriwa kama jumuiya zilizofuatana kwenye uzi, mithili ya shanga, zimeunganishwa na njia ya mabasi, na ndani ya kila moja mtu anatembea kwa miguu au baiskeli. Kiini chake kilikuwa nyumba kumi, zile zile za balozi. Ilikuwa enzi ya Ujamaa, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imeshatuumbua.

Hata hao Wakanada hawakuanza wao. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alichora mtaa wa namna hiyo: shule ya msingi katikati, barabara kubwa zipite pembeni zisikate ndani, maduka kwenye pembe zinapokutana barabara, na nyumba ya mbali kabisa iwe robo maili tu kutoka katikati. Hiyo ni kama mita 400.

Sasa chukueni hizo mita 400 tupige hesabu, maana hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 400 lina hekta 50 hivi. Toa theluthi moja ya barabara, shule na maeneo ya wazi. Zinabaki kama hekta 33. Ukikata viwanja vya mita za mraba 900, unapata nyumba 370 hivi. Ukikata vya 400, unapata zaidi ya 800. Na mtaa wa zamani wenye nyumba za vyumba sita na wapangaji, kila nyumba ina kaya kadhaa. Muuza nyanya wa Makole na muuza nyanya wa kwenu wanatembelewa na duara lile lile, ila mmoja ana wateja mara kumi ya mwenzake.

Halafu gawanya hizo 370 kwa mbili, kwa sababu nusu ya viwanja havijajengwa. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia Dodoma kweli kweli, kila mwenye akiba alitaka kiwanja hapa. Watu wa jiji walikuwa 410,956 kwenye sensa ya 2012, wakafika 765,179 kwenye ile ya 2022. Lakini wengi walionunua hawakuja kukaa. Kiwanja kiligeuka kibubu. Mtu yuko Mwanza au Dar, amezungushia mawe manne, anasubiri bei ipande. Katikati ya nyumba yako na ya jirani kuna vibubu vitano vya watu usiowajua, na kibubu hakinunui mchicha.

Hiki ndicho ramani haisemi. Ramani inasema pahali pa soko. Haisemi soko litakula nini.

#5 Jicho la Tatu

Haya mambo ya "mji wa dakika 15" ni ajenda ya mabeberu ya kufungia watu kwenye mitaa yao wasitoke. Fanyeni utafiti.

#6 Bikoni

Ndugu yangu, neno hilo lilitangazwa na Profesa Carlos Moreno wa Paris mwaka 2016, na meya Anne Hidalgo akalibeba kwenye kampeni yake ya 2020. Maana yake ni kwamba ukitaka mkate usilazimike kuwasha gari. Hakuna geti wala lindo. Aliyefungiwa kwenye mtaa wake kwa sasa ni mke wa mleta uzi, asipokuwa na 2,000 ya bodaboda.

#7 Mama Tenga

Shikamoo mzee Bikoni. Umesema soko litakula nini, nikaona niingie. Mimi mipango miji siijui, nina genge.

Saa kumi na moja alfajiri niko sokoni Majengo. Nanunua tenga la nyanya, vitunguu, karoti, hoho, mchicha na majani ya maboga kwa akina mama wa bustani. Nyanya nazichambua mara tatu: za kuliwa leo, za kesho, na zenye ukijani. Siku ya tatu zilizobaki zimeshalainika, nazipanga fungu la bei ya chini. Siku ya nne ni za nguruwe. Ili tenga liishe kabla halijanifia mkononi nahitaji watu arobaini kwa siku wanaonunua cha mia tano, cha elfu. Wakiwa ishirini nafanya kazi ya bure. Wakiwa kumi nakula mtaji.

Nilishajaribu huko kwenye viwanja vipya. Sisemi mtaa gani. Niliambiwa "huko wamejaa watumishi, wana pesa". Ni kweli pesa wanayo. Nikakaa miezi minne. Nawaambieni nilichokiona.

Mchana hakuna mtu. Baba kazini, mama kazini, mtoto shule, kwenye nyumba yupo dada wa kazi ambaye hapewi hela ya mboga, mboga ya wiki imo kwenye friji. Jioni wanarudi saa kumi na mbili na nusu, wako ndani ya gari, vioo juu kwa sababu ya vumbi, geti linafunguka, geti linafungwa. Ukuta una urefu wa kunizidi mimi na tenga langu kichwani. Mtu aliye nyuma ya ukuta hajui kama nipo. Jumamosi wanawasha gari wanaenda soko la Sabasaba kujaza buti. Kwangu wanakuja Jumatano wakikosa limao. Mnisamehe, lakini genge haliendeshwi kwa malimao.

Kivuli nacho. Nyie mnaojadili mita 400, mmeshakaa saa saba mchana mwezi wa kumi Dodoma bila mti? Mchicha unanyauka kabla hujamaliza kuunyunyizia. Makole genge langu liko chini ya mwarobaini mkubwa, watu wanasimama hapo hata bila kununua, wakisimama wananunua. Kule kwenye viwanja wanaanza kwa kung'oa kila kitu na greda, halafu wanapanda maua ya ndani ya uzio.

Na nilihamishwa mara tatu. Mara ya kwanza mwenye kiwanja katokea, akasema sitaki biashara kwenye eneo langu, ingawa lilikuwa pori. Mara ya pili niliambiwa niko kwenye hifadhi ya barabara. Mara ya tatu sikusubiri kuambiwa.

Kwa hiyo baba mleta uzi, ukiniuliza nani alikosea, mimi nitakuuliza: huko kwenu mboga za wiki mnanunulia wapi?

#8 Vumbi Jekundu

Mama Tenga, Sabasaba. Jumamosi. Na gari ya shemeji.

Nimenyamaza kidogo.

#9 Kuku wa Kisasa

Mimi niseme yale ambayo wengi mnaona aibu kuyasema. Sitaki duka karibu na kwangu.

Nilipokuwa Dar niliishi kwenye mtaa mzuri wa makazi. Jirani wa kona akajenga fremu mbili. Moja duka la vyakula, safi, tukafurahi. Ya pili saluni, safi. Mwaka wa pili duka likawa grosari, mwaka wa tatu meza zikatoka nje, mwaka wa nne spika zikawekwa juu ya ukuta wangu. Watoto wangu wamefanya mtihani wa darasa la saba na singeli. Nikauza, nikaja Dodoma, nikanunua pahali ambapo kiwanja kimeandikwa makazi tu, na ninalinda hayo maneno mawili kama mboni.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali kabla mtu hajabadilisha matumizi ya kiwanja. Shida ni kwamba ile fremu ya kwanza inapita kwa huruma, "mwache ajitafutie", halafu huruma inageuka baa. Mniambie nani atasimama kuzuia hatua ya pili, ndipo mniombe niunge mkono hatua ya kwanza.

#10 Mzee Kijiti

Kuku wa Kisasa umenikumbusha jirani yangu. Baa yake inaitwa "Kimya Kimya".

#11 Mama Pacha

Kuku wa Kisasa hoja yako ni nzito, siipingi. Duka linalofungwa saa tatu usiku na haliuzi pombe ni kitu kimoja, baa ni kingine, na wote tunajua tofauti yake bila kusomewa sheria. Mkutano wa mtaa unaweza kuandika hivyo kwenye muhtasari kabla fremu haijajengwa. Baada ya spika kuwekwa ni ugomvi.

Lakini mimi nimekuja kwa jambo la shule. Nina mapacha darasa la pili. Shule yao naiona nikipanda juu ya simtanki. Hazizidi mita mia nne. Katikati kuna korongo.

Kiangazi wanalivuka, wanashuka wanapanda, viatu vinajaa mchanga, basi. Dodoma mvua yetu ni ndogo, kama milimita 570 kwa mwaka, lakini inakuja karibu yote kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Korongo lililokauka asubuhi, saa nane linabeba magogo. Kwa hiyo miezi hiyo watoto wanazungukia barabara kuu ya kwenda Dar. Mnaijua ile barabara. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, mabasi, magari ya watumishi yanayokimbilia Mtumba kwenye mji wa serikali. Watoto wa miaka minane wanavuka hapo mara mbili kwa siku. Au nawalipia bajaji ya mwezi, jambo ambalo ndilo ninalofanya, na wa jirani asiye na uwezo huo anavusha wake kwa dua.

Kwenye ramani ile shule iko ndani ya duara la mzee Bikoni, bila shaka yoyote. Aliyechora duara hakuwa na korongo kwenye bikari yake. Barabara ya magari ikifika kwenye korongo, kalavati linatafutiwa bajeti. Njia ya mtoto ikifika kwenye korongo, mtoto anaambiwa awe makini. Sihitaji daraja la kifahari. Nahitaji njia ya zege upana wa watu wawili na bomba la kushika mkono.

#12 Bikoni

Mama Pacha umenichoma pahali penyewe. Tulikuwa tunachora mezani kwa bikari, ni kweli. Mistari ya mwinuko ilikuwepo kwenye karatasi ya chini, lakini ukishaweka karatasi ya viwanja juu yake unaisahau.

#13 Kofia Mbili

Wakuu, mimi ni bodaboda. Naona mnanizungumzia kama vile sipo.

Wengi mnadhani safari ya chumvi ndiyo inanitajirisha. Ile ndiyo mbaya kuliko zote. Natoka kijiweni, napoteza zamu yangu, naingia kwenye mchanga wa mtaani ambao unakula cheni, mteja anakaa dukani anachagua biskuti, namrudisha, na hapo anataka nipunguze. Wakati huo mwenzangu aliyebaki kijiweni amepata abiria wa stendi kuu ya Nanenane au wa mjini. Hata nyie mkipata genge mlangoni, mimi sifi njaa. Nitabeba watu wanaokwenda mbali, ndiyo kazi ya pikipiki.

Jambo la pili. Mleta uzi kama unakaa ninapopafikiria, maduka ya barabarani hayako mbali na kwako. Mwaka juzi nilikuwa nakatiza. Kulikuwa na kinjia kati ya nyumba mbili, unatokea nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, dakika mbili. Kimezibwa. Sasa hivi tunazunguka mtaa mzima. Mimi nikizunguka nachoma mafuta yenu. Anayetembea anachoma nini? Vinjia kama hivyo ninavyovijua vilivyozibwa upande huo ni vitano, na siyo vyote vilizibwa na watu wabaya.

#14 Vumbi Jekundu

Kofia Mbili ubarikiwe. Jumapili baada ya ibada nilienda kutafuta hicho kinjia. Nimekipata. Mwanzo wake unaonekana kabisa, nyasi zimelala kama pahali palipowahi kupitwa, halafu unakutana na ukuta wa tofali za kuchoma.

Nimehesabu hatua. Kutoka geti langu hadi ukutani, na kwa makisio ya mbele hadi maduka: hatua 350. Kwa kuzunguka nilikotembea kweli: hatua 1,450. Kwa hatua zangu hiyo ya kwanza ni kama mita 260, ya pili ni zaidi ya kilomita. Nimekuwa nikiishi dakika nne kutoka dukani bila kujua, na ninalipa 2,000.

Nikarudi kwenye ramani nikaangalia vizuri. Kinjia kipo, kimechorwa, upana mita tatu. Si mali ya mtu.

Nikavuta pumzi nikaenda kugonga kwa huyo bwana. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akanikaribisha, akanipa soda, akaniita "mwalimu" ingawa mimi ni mhasibu. Maelezo yake ni haya: alipohamia alikuwa peke yake, kinjia kimepita ubavuni mwa nyumba, hakuna taa, upande wa pili pagala. Vibaka wamemng'olea paneli ya sola, kisha wakarudi kuchukua betri. Mara ya tatu akaita mafundi. "Ningefanyaje?" akaniuliza, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Mzee Bikoni, hapa nasimamia wapi? Ana haki au hana?

#15 Bikoni

Haki hana. Kinjia kilichochorwa kwenye ramani iliyopitishwa ni cha watu wote, hata kama upana wake ni wa mkokoteni. Mkitaka kumpeleka mbele mtashinda, mtashinda baada ya muda mrefu, na mtakuwa na jirani asiyewaamkia.

Lakini ngoja nikiri jambo. Vinjia vya mita tatu kati ya kuta mbili nimevichora mimi mwenyewe, vingi tu, sehemu mbalimbali. Tulikuwa tunaviona ni vizuri, vinafupisha safari. Hatukufikiria kwamba kila mwenye nyumba atainua ukuta wa mita mbili na nusu kila upande, na kilichokuwa kinjia kitakuwa mfereji. Usiku hata mimi nisingepita humo. Kwenye mitaa ya zamani kichochoro kinapita mbele ya vibaraza, mama anachambua mchele, mzee anasikiliza redio, kibaka anaamkiwa mara saba kabla hajafika mwisho. Kinjia chenye macho hakihitaji mlinzi.

Ushauri wangu: nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa na huyo bwana, siyo dhidi yake. Taa moja ya sola kila mwisho, mwenye pagala asukumwe amalizie au aweke mlango, na ukuta ushushwe hadi kifuani sehemu za pembe ili mtu aone kabla ya kuingia. Muhtasari uandikwe, upigwe muhuri, nakala iende kwa afisa mipango miji. Mtu wa kwanza kuchangia taa awe wewe mwenye daftari la 31,000.

#16 Kuku wa Kisasa

Hili la kinjia naliunga mkono. Kinjia hakina spika.

#17 Jicho la Tatu

Mnajadili vinjia wakati barabara ya mzunguko ya kilomita 112 inajengwa. Jiji linakwenda mbele nyie mnarudi kwenye vichochoro.

#18 Mama Pacha

Kaka Jicho, barabara ya mzunguko ni njema, malori yatapungua pale wanapovukia wanangu. Lakini hiyo barabara haitaniletea kitunguu.

#19 Vumbi Jekundu

Taarifa fupi wakuu, maana uzi umekuwa mrefu.

Tumekaa kikao cha watu kumi na mmoja, chini ya mti, Jumamosi. Kumbe jirani yangu wa nyuma anaitwa Baba Neema na tumefanya kazi jengo moja miaka miwili. Mwenye ukuta amekubali kutoboa geti dogo, litafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, hadi taa ziwekwe ndipo ukuta wenyewe utazungumzwa. Tumechanga ya taa ya kwanza. Ya pili bado, na mwenye pagala hapokei simu.

Kuhusu soko, tumekubaliana kwamba kiwanja cha soko kitasubiri miaka yake. Ila kuna kona, pale kinjia kinapotokea upande wetu, kiwanja cha makazi na biashara, hakijajengwa. Mwenyewe yuko Mwanza. Nimempigia. Amesema genge la meza linaweza kukaa bila kodi mradi lisijenge, na muhtasari wa mtaa uandike hivyo.

Mama Tenga, nimekuja kwako kwa adabu. Ungekuwa tayari kujaribu tena?

#20 Mama Tenga

Baba yangu, sijakataa wala sijakubali. Nijibu kwanza.

Hapo konani watu wanaopita kwa miguu ni wangapi kuanzia saa kumi na moja jioni? Usinikisie, kaa uhesabu siku tatu kama ulivyohesabu hatua. Maji ya kunyunyizia mboga nitapata kwa nani siku za mgao? Na kivuli kipo?

#21 Vumbi Jekundu

Maji kwangu, nina simtanki. Kuhesabu naanza Jumatatu, nitabeba kiti.

Kivuli: kuna mjohoro mmoja, greda iliusahau, tawi hadi shina, umesimama pale pale mpakani. Saa tisa alasiri kivuli chake kinaangukia upande wa kinjia. Nimepiga picha ila mtandao unagoma kuipandisha.

#22 Mama Tenga

Mjohoro mmoja unatosha tenga moja. Kahesabu watu.

#23 Kofia Mbili

Mleta uzi, ukienda Jumatatu na kiti, beba viwili. Mimi na vijana wangu tulikuwa tunautazama huo huo mjohoro kwa ajili ya kijiwe.

#24 Mama Tenga

Kijiwe kikae upande wa jua.